Pikipiki za Kiingereza na Mikono ya Wenyewe

Asubuhi ya Jumapili katika mitaa ya Birmingham au Coventry, miaka kumi hivi baada ya Vita Kuu ya Pili, halikuwa jambo la ajabu kukuta injini ya pikipiki imefunguliwa juu ya magazeti katika meza ya jikoni. Kichwa cha silinda kimeondolewa, valvu zimetolewa, na mwenye nyumba, ambaye siku za kazi alikuwa karani au mfanyakazi wa kiwandani, anakwangua masizi kwa kijiti kigumu cha mti ili asiikwaruze alumini. Kazi hiyo ilikuwa na msimu wake kama palizi ilivyo na msimu wake. Petroli na mafuta ya siku zile yaliacha ganda gumu juu ya pistoni. Injini ikaanza kugonga na kupungukiwa na nguvu. Vitabu vya mwongozo vilimwagiza mwenye chombo akifungue kila baada ya maili elfu chache, azisage valvu mpaka zikae sawasawa katika viti vyake, kisha akifunge tena. Havikumwambia akipeleke kwa fundi. Vilimhesabu yeye kuwa ndiye fundi.

Wako waandishi wa leo wanaoisimulia habari hii kwa mapenzi mengi, wakasahau kwamba aghalabu yake ilikuwa shida. Petroli iligawiwa kwa kipimo hata Mei 1950. Motokaa ilikuwa mbali na kipato cha wengi, na pikipiki yenye kigari cha ubavuni ndiyo iliyompeleka baba kazini na kuwachukua mama na mtoto pwani wakati wa likizo. Ujira wa fundi ulikuwa fedha ambayo mtu angeweza kuiokoa kwa kuchafua mikono yake.

Ufundi huo ulikuwa na elimu yake, na sehemu yake yenye mitego mingi ilikuwa katika spana. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa viwanda vya Uingereza, na pendekezo lake likashika. Lakini spana ya Whitworth huandikwa unene wa bolti, wala si upana wa kinywa chake. Spana iliyoandikwa robo inchi ina kinywa kinachozidi nusu inchi, maana robo hiyo ni ya shina la bolti, ambalo halionekani. Spana hiyo hiyo huifaa bolti ya 5/16 ya hesi nyembamba zilizokuja baadaye. Tena watengenezaji wa baiskeli walikuwa na hesi zao wenyewe, na kwa kuwa pikipiki ni mtoto wa baiskeli, alizirithi. Katika miaka ya 1960 viwanda vilianza kuhamia hesi walizokubaliana na Marekani na Kanada, navyo vilihama polepole, kipande baada ya kipande, hata pikipiki moja ya mwishoni mwa miaka hiyo yaweza kuwa na hesi za kila ukoo. Nati inayoingia mizunguko miwili kisha ikakaza si lazima iwe na kutu. Yawezekana ni ya ukoo mwingine. Atakayeilazimisha ataharibu alumini, na alumini iliyoharibika hesi hairudi kwa kuombwa radhi.

Kisha mafuta. Injini nyingi za Triumph, BSA na Norton zilikuwa na sanduku la chini lililogawanywa wima, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, na mshono wake ukapita chini kabisa, mahali ambapo mafuta hushukia. Uso wa mshono ukiwa na kasoro ndogo, mafuta hupata njia. Mwenye pikipiki aliusugua uso wa kifuniko juu ya kioo kilichotandikwa msasa mpaka ukawa sawa, akakata gasketi mwenyewe kwa karatasi nene, na usiku akaweka sinia chini ya injini kwa tahadhari. Saa zake hazikuandikwa katika daftari la kiwanda chochote. Kazi ambayo kiwanda hakikuimaliza ilimalizwa jikoni na mnunuzi, bila malipo, na kwa kadiri alivyoimaliza vizuri, ndivyo kiwanda kilivyopungukiwa na sababu ya kuharakisha kununua mashine mpya za kuchongea.

Yafaa kuwatoa lawamani watu wa Vincent, huko Stevenage. Magurudumu ya pikipiki zao yalitolewa kwa vijifimbo vilivyofungwa papo hapo, bila spana yoyote. Hao walimfikiria mtu aliyepata pancha njiani usiku. Hata hivyo pikipiki zao zilikuwa ghali, na utengenezaji ukakoma mwaka 1955.

Mwaka 1960 Edward Turner, aliyeibuni Triumph Speed Twin ya mwaka 1937, alivizuru viwanda vya Japani akaandika ripoti ya wingi na upya wa mashine alizoziona. Onyo lilikuwapo mezani. Mwaka uliotangulia motokaa ya Mini ilikuwa imetokea kwa bei ya chini ya pauni 500, ikaanza kuwachukua wenye familia. Mwaka 1969 ikaja Honda CB750, yenye silinda nne, breki ya sahani mbele, na kitufe cha kuiwasha. Na sanduku la injini yake liligawanywa kwa ulalo, mshono ukakaa juu ya mafuta. Mnunuzi wake hakuhitaji sinia. BSA ikazama mwaka 1973. Wafanyakazi wa Triumph huko Meriden walikishika kiwanda chao mwaka huo huo, wakakiendesha kwa ushirika tangu 1975 mpaka kikafungwa mwaka 1983. Wapo wanaowalaumu Wajapani, na wapo wanaowalaumu wafanyakazi. Ni wachache wanaomtaja mtu wa jikoni, ambaye subira yake ilizificha kasoro kwa miaka mingi, na siku alipopata chombo kisichoitaka subira hiyo, aliondoka.

Hata hivyo tabia ile ile iliyoviangusha viwanda imezihifadhi pikipiki zenyewe. Injini iliyokusudiwa kufunguliwa kwa zana za mkono yafunguka leo kama ilivyofunguka mwaka 1955. Chama cha wenye Vincent, kilichoanzishwa mwaka 1948, kimeishi zaidi ya kiwanda. Kikaunda kampuni ya vipuri, na kwa vipuri hivyo pikipiki nzima mpya imeunganishwa. Mwenye Triumph Bonneville bado hupima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: sehemu 2 za elfu za inchi kwa valvu ya kuingiza, 4 kwa ya kutoa. Matatizo mapya yamekuja pia. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza ina spiriti mpaka asilimia 10, nayo hudhuru mipira ya zamani na matangi ya nyuzi za kioo.

Na tangu Mei 2018 vyombo vilivyopita umri wa miaka 40, ambavyo havikubadilishwa sana, vimesamehewa ukaguzi wa kila mwaka nchini humo. Breki ya pikipiki ya namna hiyo hailazimiki tena kupita kwa mkaguzi kabla ya kuingia barabarani. Huikagua yule aliyeifunga.