Insha ni kazi ya nani?

Jamani wadau, hii lawama kwamba wanachuo hatujui kuandika ina umri kuliko babu zetu. Mwaka 1874 chuo cha Harvard, Marekani, kiliweka insha fupi kwenye mtihani wa kuingia. Zaidi ya nusu wakafeli! Lawama zikatupiwa shule za sekondari, na mwaka 1885 kozi ya uandishi ikapelekwa mwaka wa kwanza. Ikazoeleka hivyo: uandishi ni kazi ya idara ya Kiingereza, wengine wasahihishe tu.

Mwaka wa masomo 1969/70, kwenye chuo cha Central College, Iowa, mwalimu wa Kiingereza Barbara Walvoord alikaa na wahadhiri wa idara nyingine wakajadili uandishi wa wanafunzi wao. Miaka ya 1970 wazo likaenea vyuo vingi: ripoti ya baiolojia haiandikwi kama insha ya historia, kwa hiyo anayetoa kazi ndiye aifundishe.

Sisi je? Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, halafu kwaheri. Maksi za uandishi lakini zinakatwa kila kozi, mpaka mwaka wa tatu. Basi waheshimiwa, mnapokata ndipo mfundishe. Hata kutuonyesha tu insha ya A inafananaje, kabla ya kukusanya, tutashukuru.

Haya, nyie kwenye kozi zenu mnaonyeshwa?