Tohara ya hiari jeshini: Athari zake kwa akili ya askari

TOHARA ya hiari ni upasuaji mdogo wa kuondoa govi unaofanywa na mhudumu wa afya aliyehitimu, kwa ganzi, baada ya mwanamume kushauriwa na kuridhia mwenyewe. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Machi 2007, baada ya majaribio ya Orange Farm (Afrika Kusini), Kisumu na Rakai (Uganda) kuonyesha kwamba hupunguza kwa takribani asilimia 60 uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi na mwanamke.

Wanajeshi walilengwa mapema, kwani wengi wao ni vijana wanaoishi mbali na jamaa zao. Nchini Rwanda, kampeni iliyotangazwa mwaka 2008 iliwatanguliza wanajeshi, polisi na wanafunzi.

Mtu mzima hutahiriwa akiwa na mazoea na mwili wake, na pengine na mila isiyoijua tohara. Miongoni mwa Waluo, kwa mfano, alama ya kale ya utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini. Askari wa jamii hiyo anayeishi bweni moja na wenzake waliotoka jandoni huweza kuonewa kama mtoto. Hivyo hofu ya kisu hugongana na aibu ya bafuni. Baada ya upasuaji huja maumivu, wasiwasi kuhusu kidonda na wiki sita za kujiepusha na ngono.

Je, nguvu za kiume hupungua? Jaribio la Kisumu lilihusisha vijana 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24. Katika miaka miwili ya kuwafuatilia, matatizo ya tendo la ndoa hayakuzidi kwa waliotahiriwa kuliko kwa wasiotahiriwa. Madaktari wa hospitali ya kijeshi jijini Istanbul, katika uchunguzi wa wanaume 42 uliochapishwa 2004, waliona tofauti moja tu kubwa: muda wa kufikia kilele uliongezeka. Hatari nyingine ni ya kujiamini kupita kiasi. Aliyetahiriwa bado anahitaji mpira.

Jambo linaloathiri akili zaidi ni ridhaa. Kenya ilishuhudia haya mwaka 2008. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, wanaume walikatwa kwa nguvu Naivasha na Nakuru, ukatili ulionakiliwa na Tume ya Waki. Novemba mwaka huohuo, serikali ilizindua tohara ya hiari Nyanza. Kiungo ni kilekile, lakini wa kwanza aliachiwa kiwewe na fedheha, wa pili akapewa kinga aliyoichagua.

Kambini, mpaka huo ni mwembamba. Askari amefunzwa kutii. Ombi la afande masikioni mwake ni amri. Kwa hiyo ushauri nasaha hauna budi kutolewa faraghani, na mtu asiye mkubwa wake kazini. Majina ya waliokubali au kukataa yasibandikwe ukutani, wala uamuzi huo usiguse cheo au uhamisho. Anayepona apewe kazi nyepesi, na akikosa usingizi au akijitenga na wenzake, amwone mshauri bila kuitwa mwoga. Bila masharti hayo, neno "hiari" litabaki kwenye fomu tu.