Lenzi Ikigeuzwa Upande wa Runda

Wasee, kuna kitu hunikera. Mpiga picha akitua Nairobi na kamera ya maana, mguu wa kwanza ni Kibera. Mtoto, matope, mabati, tayari amepata maonyesho. Runda na Muthaiga je? Huko geti limefungwa na hakuna anayejisumbua kugonga.

Lauren Greenfield amegonga geti kama hizo zaidi ya miaka 30. Na hata yeye, Mmarekani aliyemaliza Harvard 1987, alianza vile wengi huanza: alienda Chiapas, Mexico, kupiga picha za Wamaya, watu ambao mamake, profesa wa saikolojia, alikuwa amewafanyia utafiti. Kazi ikakwama. Akarudi Los Angeles, mji aliokulia, akaanza kufuata vijana wa huko, wakiwemo watoto wa matajiri kama wale aliosoma nao. Kitabu chake, Fast Forward, kilitoka 1997. Kuna picha yake ya 1992 ya dansi ya shule, na ndani yake yuko msichana wa miaka 12. Huyo ni Kim Kardashian, kabla hujamjua.

Sasa hapo ndipo ananibamba. Hawacheki hao watu. Anakaa nao hadi wanasahau kamera, halafu pesa yenyewe inajieleza. Filamu yake The Queen of Versailles (2012) ilianza na bilionea wa Florida na mkewe wakijenga nyumba ya futi mraba 90,000, kwa kuiga kasri la wafalme wa Ufaransa. Uchumi ukaanguka 2008 na mjengo ukasimama. Bilionea akampeleka kortini, akashindwa. Maskini akipigwa picha vibaya, yeye atamshtaki nani, na kwa wakili gani?

Lakini kazi yake inayotuhusu zaidi ni The Kingmaker ya 2019, kuhusu Imelda Marcos wa Ufilipino. Ndio, yule wa viatu. Viatu ni kitu kidogo. Katika miaka ya 1970 familia ya Marcos iliamua kisiwa cha Calauit kiwe mbuga, na wanyama wakatoka wapi? Kenya. Twiga, pundamilia, swala, pofu, zaidi ya 100, wakapakiwa melini wakavushwa bahari. Ili wapate nafasi, familia 254 zilizokuwa zikiishi pale zilihamishwa, nyingi zikapelekwa Culion, kisiwa kilichokuwa koloni la wagonjwa wa ukoma. Yaani watu walitolewa kwao kupisha twiga wetu. Hii historia sikufunzwa shuleni, na nadhani hata wewe hukufunzwa.

Marcos alitimuliwa 1986 na baadhi ya wenyeji wakarudi. Wakapata wanyama bado wako, wamezaana wao kwa wao. Greenfield anaenda hadi huko, anawapa wenyeji nafasi waongee, halafu anarudi kwa Imelda aliyekaa katikati ya michoro na dhahabu yake, akijiita mama wa taifa. Kuna mahali Imelda yuko ndani ya gari, watoto wamejaa dirishani, naye anagawa noti. Mkenya hahitaji manukuu kuelewa hiyo.

Mwanawe, Bongbong, alichaguliwa rais 2022, miaka 3 baada ya filamu kutoka.