Vitabu vya vakansi kubwa Mudaka: kitabu kimoja, wasomaji wengi

Mwanzoni mwa mwezi wa saba masomo yanafunga. Toka hapo mpaka mwanzo wa mwezi wa tisa, watoto wa Mudaka, katika teritware ya Kabare, wanakaa nyumbani. Ni kiangazi. Vumbi linapanda kwenye barabara ya Bukavu na Kavumu, maharagwe yamekwisha kuvunwa, na wenye mashamba mabondeni wanalima mahali penye unyevu. Mtoto mmoja anateka maji, mwingine anamsaidia mama yake ku soko, mwingine anachunga mbuzi. Vitabu vinabaki ndani ya mfuko wa masomo mpaka Septemba.

Mara nyingi inasemwa kwamba watu wa huku hawapendi kusoma. Lakini shida ya kwanza ni kitabu chenyewe: ni cha bei, ni kichache, na mtu mmoja akikisoma anakifungia ndani. Shida ya pili haihusu franka hata moja: mtu akimaliza kitabu, hasemi kitu. Na kitabu kisichosemwa, hakuna mtu anakuja kukiomba.

Makala hii inaeleza kwa nini kusoma wakati wa vakansi kuna maana, vitabu vinapatikana wapi, vitabu gani vinaweza kuleta mazungumzo, na namna ya kutoa maoni ili kitabu kipite mkono kwa mkono.

Miezi miwili ni mirefu kwa mtoto

Kusoma ni kama njia ya shambani: isipopitwa, majani yanaota. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ao wa tatu wa primeri anayeacha herufi mwezi wa saba, mwezi wa tisa anaanza tena kwa kusitasita. Mwalimu analazimika kurudia mambo ya mwaka uliopita, na masomo mapya yanachelewa.

Toka mwaka 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo katika shule za serikali, watoto wengi waliingia masomoni na madarasa mengi yakajaa. Katika darasa lililojaa, watoto watatu ao wane wanaangalia kitabu kimoja, na kila mmoja anapata dakika chache tu za kusoma kwa sauti. Ndiyo maana vakansi inaweza kuwa wakati mzuri: mtoto anashika kitabu yeye mwenyewe, bila kusukumana, bila kuogopa pointi.

Kuna pia jambo la lugha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Mtoto wa Mudaka anasikia Mashi nyumbani, Kiswahili ku soko, na Kifaransa mbele ya mwalimu. Si vibaya aanze vakansi na hadithi ya lugha anayoisikia kila siku, kisha apande kwenye kitabu cha Kifaransa akiwa na mkubwa pembeni.

Kitabu kinapatikana wapi

Mahali pa kwanza ni karibu: kabati la masomo, la parokia ao la kanisa. Mara nyingi vitabu hivyo vinafungiwa miezi miwili kwa hofu ya kupotea. Wazazi wanaweza kumwomba direkta mapema, kabla ya siku ya matokeo, aazimishe vitabu vichache kwa karatasi yenye jina, tarehe na saini. Kitabu kilichoandikwa jina la mwazimaji kinarudi kuliko kile kilichotolewa kwa mdomo tu.

Mjini Bukavu kuna maktaba za vyuo vikuu, kama vile Institut Supérieur Pédagogique (ISP), Université Officielle de Bukavu na Université Catholique de Bukavu. Hizo ni kwanza za wanafunzi wao. Lakini familia yenye mtoto anayesoma huko iko na mlango: kile anachosoma yeye, anaweza kuwasimulia wadogo zake.

Upande wa Kavumu na Katana kuna Lwiro, kwenye kituo cha utafiti CRSN. Kilianza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC, wakati wa ukoloni. Maktaba yake ni ya sayansi zaidi: udongo, mimea, wanyama. Haifai kwa mtoto anayetafuta hadithi, lakini mwanafunzi anayeandaa kazi ya mwisho wa masomo asiisahau.

Mwisho, kuna telefone. African Storybook, iliyoanza kutoa hadithi za watoto mwaka 2014, iko na hadithi kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha nyingine za Afrika, na kuzisoma ni bure. Faili nyingine zinazotumwa kwa WhatsApp hazina ruhusa ya mwandishi. Mwandishi hapati hata franka moja.

Ikumbukwe pia kwamba mwezi wa pili 2025, vita vilipofika Kavumu na Bukavu, familia nyingi zilikimbia. Katika kukimbia, kitabu si kitu cha kwanza kubebwa. Vile vilivyobaki katika nyumba za watu vina thamani kuliko zamani, na kuvizungusha ni njia moja ya kuviokoa.

Vitabu vinavyoleta mazungumzo

Orodha hii si ya lazima. Ni vitabu ambavyo wasomaji wawili wanaweza kuvisoma na wasikubaliane.

*Kwa watoto wakubwa na vijana.* « Ngando » ya Paul Lomami Tshibamba ilitoka mwaka 1948, na mwandishi wake alipata zawadi Bruxelles. Ngando kwa Kilingala ni mamba. Mtoto mmoja anatoroka masomo, anakwenda mtoni, na mamba anamchukua. Baba yake anaingia katika safari ya kumtafuta. Mzazi atasema kitabu kinafundisha kutotoroka masomo. Kijana anaweza kujibu kwamba kinaonyesha zaidi baba anayempenda mtoto wake. Wote wawili wako na haki.

« L'Enfant noir » ya Camara Laye, kutoka Guinée (1953), inasimulia utoto wa kijana ambaye baba yake ni mfua vyuma na dhahabu, mpaka siku anapoondoka kwenda Ufaransa. Kwa familia yenye mtoto aliyekwenda mbali, kurasa za mwisho ni nzito.

Charles Djungu-Simba ni mtoto wa jimbo letu, mzaliwa wa Kamituga. Katika « Autour du feu » ameandika hadithi zenye asili ya Warega. Hicho ni kizuri kusomwa kwa sauti mangaribi, kisha nyanya ao babu aseme kama hadithi ya Kishi inayofanana nacho inamalizika namna ileile.

Anayependa picha atafute « Madame Livingstone » (2014), iliyochorwa na Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Ni hadithi ya vita vya kwanza vya dunia kwenye Ziwa Tanganyika na meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo ilikuwako kweli: ilizamishwa mwaka 1916, ikatolewa majini, ikaitwa Liemba.

*Kwa wakubwa.* Zamenga Batukezanga (1933–2000) aliandika Kifaransa chepesi kuhusu kijiji, mji, uchawi na mizozo ya familia. « Les hauts et les bas » (1971) ni mlango mzuri kwa mtu aliyeacha kusoma toka alipopata diploma. Wengine wanamlaumu kwamba anafundisha sana. Wengine wanampenda kwa sababu hiyohiyo.

« Une si longue lettre » ya Mariama Bâ, kutoka Senegal (1979), ni barua ya mjane Ramatoulaye kwa rafiki yake Aïssatou. Mume wa kila mmoja aliongeza mke mwingine. Aïssatou aliondoka. Ramatoulaye alibaki. Nani alifanya vizuri? Kitabu hiki, chenye kurasa chache, kinaweza kuchukua mangaribi nzima kwa wamama, na wababa wanaokaa pembeni wakisikiliza.

« Entre les eaux » ya V. Y. Mudimbe (1973) ni kigumu zaidi. Padri Pierre Landu anaacha parokia na kuingia kwa waasi, akifikiri kwamba haki iko huko. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, hamwambii msomaji afikiri nini.

« La force des femmes » ya daktari Denis Mukwege (2021), mzaliwa wa Bukavu na mshindi wa Nobel ya amani 2018, inahusu wanawake aliowatibu katika hospitali ya Panzi. Si cha watoto. Na mtu aliyepitia mateso kama hayo asilazimishwe kukisoma wala kukisikiliza.

*Kwa Kiswahili.* Vitabu vingi vya Kiswahili vinatoka Tanzania na Kenya, na Kiswahili chao si kile cha ku soko la Mudaka. Maneno mengine yatakwamisha. Yaandikwe kwenye kaye na kuulizwa. « Kusadikika » ya Shaaban Robert (1951) ni kifupi: Karama anashtakiwa katika nchi ambayo wajumbe wake waliorudi na mawazo mapya walitupwa gerezani. « Rosa Mistika » ya Euphrase Kezilahabi (1971) inaanza Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, kama vile Idjwi ilivyo kwetu. Baba ni mkali kupita kiasi kwa binti yake. Wakati mmoja kitabu hicho kilikatazwa mashuleni Tanzania. Wazazi wakisome kwanza, kisha waamue kwa watoto wao wakubwa. Na « Peponi » ya Abdulrazak Gurnah, Nobel ya fasihi 2021, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022: kijana Yusuf anatolewa kwa tajiri kulipa deni la baba yake, kisha anafuata msafara wa biashara toka pwani kuingia bara.

Kutoa maoni ni nini

Kusema "kitabu ni kizuri" hakumsaidii mtu. Kusimulia kila kitu mpaka mwisho kunamnyima mwingine hamu. Maoni yenye faida yanajibu maswali manne:

1. Kitabu kinahusu nini, kwa maneno mawili ao matatu?
2. Mahali gani ulisimama, ukarudia kusoma? Kwa nini?
3. Mahali gani ulichoka, ao hukukubaliana na mwandishi?
4. Ungempa nani kitabu hiki, na nani usimpe?

Swali la tatu ndilo watu wanaogopa. Kitabu kina heshima, mwandishi ni mtu mkubwa, basi msomaji anafikiri akichoka kosa ni lake. Si hivyo. Mwanafunzi anayesema "ukurasa huu sikuuelewa" amefungua mlango kwa wengine watano ambao nao hawakuelewa.

Kutokubaliana juu ya kitabu si ugomvi. Kuna mambo ambayo, katika wakati huu, ni mazito kuyasema moja kwa moja: nani alikimbia, nani alibaki, nani aliingia msituni, ndoa ya nani imevunjika. Mtu akisema juu ya padri Landu ao juu ya Ramatoulaye, anaweza kusema anachofikiri bila kumnyooshea jirani kidole. Ili iendelee kuwa hivyo, kundi likubaliane sheria moja: tunasema juu ya watu wa ndani ya kitabu, hatutaji watu wa hapa.

Asiyejua kusoma naye ana nafasi. Kitabu kikisomwa kwa sauti na kuelezwa kwa Mashi ao kwa Kiswahili, maoni ya mama ambaye hakuingia masomo yana uzito sawa na ya mwenye diploma. Mara nyingine yeye ndiye anayejua zaidi mambo ambayo mwandishi anayaeleza.

Kuanza na watu watano

Haihitaji jengo wala bajeti. Watu watano, kila mmoja na kitabu kimoja. Kila siku kumi wanabadilishana. Baada ya siku hamsini kila mmoja amesoma vitabu vitano, na vakansi bado haijaisha. Mtu mmoja anashika kaye yenye majina na tarehe. Siku ya kubadilishana, kila mmoja anasema maoni yake kwa dakika tano kabla ya kutoa kitabu, na anayekipokea ndiye anauliza swali la kwanza.

Kwa watoto wadogo, dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, asubuhi kabla ya kazi ao mchana kabla giza halijaingia, kwa sababu umeme si wa kutegemea. Mkubwa asome ukurasa mmoja, mtoto asome unaofuata. Wakimaliza, mtoto aulizwe jambo moja tu: wewe ungekuwa yeye, ungefanya nini?

Kitabu kikichanika, kishonwe kwa uzi na kufunikwa kwa karatasi ngumu ya katoni. Na ndani ya ganda lake, kila aliyekisoma aandike jina na mwaka. Mtoto atakayekipokea vakansi ijayo atajua kwa nani aende kuuliza.