Damu au Imani: Israeli ni Nani?

Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuwakumba raia wa eneo la Beni, wengi wameviacha vijiji vyao na kukimbilia mjini, hata huku kwetu Mulekera. Mgeni anapobisha hodi, huenda akaulizwa kabila lake kabla ya jina lake. Swali hilo ni la kale. Kanisa la mwanzo nusura ligawanyike kwa ajili yake: je, mtu huwa wa taifa la Mungu kwa damu ya mababu au kwa imani?

Agano la Kale linamtambua Israeli kuwa uzao wa Abrahamu, Isaka na Yakobo. Hata hivyo, ukoo huo haukuwa ukuta usio na mlango. Ruthu alikuwa Mmoabu. Alimchagua Mungu wa mama mkwe wake, akamzaa babu yake mfalme Daudi. Mathayo hakulificha jina lake katika ukoo wa Yesu.

Yapata mwaka 49, mitume walikutana Yerusalemu, wakaamua kwamba waamini wasio Wayahudi wasilazimishwe kutahiriwa. Mtakatifu Paulo, mwenyewe wa kabila la Benyamini, alieleza kwamba Abrahamu alihesabiwa haki kwa imani kabla ya tohara yake. Kwa hiyo ni baba wa wote wanaoamini. Lakini Paulo huyohuyo aliwaonya Wakristo wa Roma wasijivune: wao ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa, na si tawi linalolibeba shina.

Onyo hilo lilisahauliwa. Kwa karne nyingi Wakristo wengi walifundisha kwamba Mungu amewatupa Wayahudi, na mafundisho hayo yalilisha chuki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulirudi kwa Paulo: Kanisa ni taifa jipya la Mungu, lakini Wayahudi hawakulaaniwa. Bado wanapendwa kwa ajili ya mababu zao, kwa maana Mungu hajutii vipaji vyake.

Jirani zetu wa Uganda walilijibu swali hilo kwa njia nyingine. Semei Kakungulu, jemadari Mganda na Mkristo Mprotestanti, alisoma Agano la Kale, akauliza kwa nini sheria ya Musa imeachwa. Mwaka 1919, huko Mbale, alitahiriwa pamoja na wanawe, na jumuiya ya Abayudaya ikaanza. Msingi wake haukuwa damu ya Yakobo, bali Maandiko. Mwaka 2002, wapatao 400 kati yao walipokelewa rasmi na marabi. Basi hata Uyahudi una mlango kwa asiye wa ukoo. Wao waliingia kwa sheria; sisi tumeingia kwa Kristo, aliye Myahudi kwa mwili.

Nchi zetu za Maziwa Makuu zinajua gharama ya kuiweka damu juu ya imani. Sinodi ya kwanza ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika ilifunguliwa Roma tarehe 10 Aprili 1994, siku tatu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kuanza Rwanda. Waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, hata ndani ya makanisa. Katika Sinodi hiyo lilisikika onyo kwamba damu ya kabila imeyashinda maji ya ubatizo. Maaskofu wakachagua kuliita Kanisa Familia ya Mungu.

Basi tunakiri mambo mawili kwa pamoja. Imani ndiyo inayotuingiza katika taifa la Mungu. Na Israeli, shina letu, halijang'olewa. Hatukuchukua nafasi yake, wala hakuna kabila letu lililo Israeli mpya kwa damu. Tumepandikizwa kwa neema, na tawi lililopandikizwa halina haki ya kulifukuza tawi jingine.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Katika jumuiya yetu, mgeni huulizwa nini kwanza? Na ubatizo wetu unadai tumuulize nini?