Neno la Bwana Kheri: Ushahidi wa Lugha katika Uandishi wa Kisayansi, Taita-Taveta

Uandishi wa makala ya kisayansi katika vyuo vikuu vya Kenya hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi huzoezwa mapema kutenga mambo mawili: kile kilichoonwa, ambacho huwekwa katika matokeo, na kile kinachodhaniwa kutokana nacho, ambacho huachiwa mjadala. Jambo la tatu, yaani maneno yenyewe ya mtu aliyeulizwa, aghalabu halitengewi mahali. Historia ya Taita-Taveta ina kisa kinachodhihirisha uzito wa pengo hilo.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society aliyekaa Rabai, alikuwa safarini katika nyika iliyo kati ya Taita na Uchaga. Kiongozi wake alikuwa Mswahili aitwaye Bwana Kheri. Yapata saa nne asubuhi Rebmann aliona juu ya mlima weupe uliofanana na wingu. Alipouliza ni nini, Bwana Kheri alijibu kwamba ni baridi. Katika maelezo yake Rebmann alisema kuwa kiongozi aliuita weupe ule baridi tu, ilhali yeye alitambua mara moja kuwa ni theluji.

Hilo "tu" lastahili kuchunguzwa. Baridi haionekani kwa macho, hasa kwa mtu aliyesimama katika nyika yenye joto. Kwa hiyo Bwana Kheri hakuwa akieleza rangi aliyoiona. Alikuwa akitoa maarifa, yumkini yaliyopokewa kutoka kwa watu waliowahi kuukaribia mlima. Yaweza kudaiwa kwamba alikosa neno. Ni kweli kwamba theluji ni neno lenye asili ya Kiarabu, na barafu la Kiajemi, lakini baridi nalo lina asili ya Kiarabu, na asili ya neno haiamui thamani ya ushahidi. Mtu asiyepata kukigusa kitu akataja sifa anayoijua, kisha akakomea hapo, hakupungukiwa, alikuwa mwangalifu. Mwenye kuona alitoa weupe, mwenye kujua akatoa baridi. Hizo zilikuwa shahidi mbili, na Rebmann aliihesabu moja.

Taarifa hiyo ilichapishwa London mwaka 1849, nayo ikapingwa vikali. Mpinzani mkuu alikuwa William Desborough Cooley, mwanajiografia ambaye hakupata kufika Afrika, na ambaye katika kitabu chake cha 1852 aliendelea kuikana theluji ya Kilimanjaro. Ubishi uligeuzwa kuwa suala la macho ya Mzungu mmoja. Hata hivyo Rebmann alikwisha kupata habari nyingine Uchagani: kwamba Rungua, mtawala wa Machame, aliwahi kutuma watu waende wakakichunguze kile kilichong'aa kama fedha, na wengi wao hawakurudi. Hilo nalo lilikuwa jaribio, lenye swali, wachunguzi na matokeo ya kusikitisha, lakini wasomi wa London hawakulipa uzito. Ilibidi wangojee safari za Karl Klaus von der Decken. Mwaka 1861 alifuatana na mwanajiolojia Richard Thornton; mwaka 1862 alipanda na Otto Kersten hadi kupita mita 4,000, theluji ikawaangukia.

Wilaya ile ile leo ni kaunti yenye Chuo Kikuu cha Taita Taveta, karibu na Voi, kilichopata hati yake mwaka 2016. Tuseme mwanafunzi wa sayansi anapanda kwenda Wundanyi kuuliza kuhusu mashamba, na mkulima anamjibu kwa Kiswahili kwamba ardhi imechoka. Akirudi Voi hulitia jibu hilo katika Kiingereza, likawa upungufu wa rutuba, na huenda ndani ya matokeo kana kwamba mkulima ndiye aliyelisema. Lakini ardhi iliyochoka yaweza kuwa iliyomomonyoka, isiyoshika maji, au iliyolimwa pasipo kupumzishwa. Tafsiri imekwisha kuchagua kabla ya udongo kupimwa, na msahihishaji hana njia ya kujua kwamba uchaguzi ulifanyika.

Hapa istilahi peke yake haitoshi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa, ila inamfaa mwanafunzi anapotaja dhana za fani, si anaponukuu mkulima. Kinachotakiwa ni desturi ndogo ya uandishi: jibu liandikwe katika matokeo kwa lugha lilimotolewa, iwe Kidawida, Kitaveta au Kiswahili, tafsiri iandamane nalo, na fasiri ya mtafiti ingojee mjadala. Walimu wa lugha wangeweza kuifundisha katika kipindi kimoja, wakishirikiana na wenzao wa sayansi.

Rebmann, pamoja na "tu" lake, angalau alilihifadhi neno. Katika kitabu cha Krapf cha 1860, kilichojumuisha shajara ya safari hiyo, limechapwa kwa tahajia ya kigeni, *beredi*, na maana yake kando.