Zawadi ya Mkunazini

Katika Sherehe hii ya Tokeo la Bwana twawatazama Mamajusi, watu wa mataifa wasiokuwa wa Torati, waliofika Bethlehemu na dhahabu, manemane na uvumba, ndio ubani wetu. Kwetu sisi wa pwani safari ya namna hiyo si ngeni. Zamani, kaskazi ya miezi hii ilileta Unguja majahazi ya Arabuni na Bara Hindi, manahodha wakisoma nyota.

Ilileta pia wanunuzi wa watu. Soko la watumwa la Mkunazini, hapa Mji Mkongwe, lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba wa tarehe 5 Juni. Wamisionari Waanglikana wa UMCA wakataka kujenga kanisa mahali pale pale, na siku ya Krismasi ya mwaka huo likawekwa jiwe la msingi. Sehemu ya kiwanja ilinunuliwa. Nyingine ilitolewa bure na Jairam Senji, mfanyabiashara wa dini ya Kihindu.

Askofu Steere, aliyelijenga kanisa hilo, twamtaja mara nyingi, na ni haki yake. Mfanyabiashara yule twamsahau. Mathayo naye hatuambii kama Mamajusi walijiunga na kundi lolote. Asema walisujudu, wakatoa walichokuwa nacho, wakarudi kwao kwa njia nyingine.